Jina la Kumi na Moja

Jumatatu, Agosti 27
Presha 165 kwa 95. Daktari amenipa daftari hili niandike namba hizo kila asubuhi, basi. Lakini nimekuwa katibu muhtasi miaka thelathini na moja, na ukurasa mtupu ukiwekwa mbele yangu mkono wenyewe unatafuta tarehe, mahudhurio na mengineyo. Kwa hiyo: joto. Plamu za upande wa mtoni zimeanza kulainika, za upande wa juu bado. Mahudhurio: mimi na paka.

Mengineyo: Razija ameniambia uani kwamba hospitali ya Sarajevo imemrudisha mumewe nyumbani. Hakusema amepona. Alisema, "Wamemrudisha," akaendelea kuanika mashuka. Mumewe ni Vehbija, aliyekuwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Vita mji huu ulipozingirwa, na mpaka leo hapa Dobrinovac ukisema "Mwenyekiti" hakuna anayeuliza yupi. Barua zake zote za wakati ule nilizipiga chapa mimi. Nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa mbao na miti sita ya plamu. Tangu vita viishe sijasema naye.

Jumatano, Agosti 29
160 kwa 90. Joto. Nyigu wengi.

Jumapili, Septemba 2
Nilisahau kupima.

Razija alivuka na pita ya viazi, mkate wetu wa tabaka nyembamba, ya moto, imefunikwa kitambaa. Akakaa bila kuvua koti, ndipo nikajua ametumwa.

"Zumra, mwenzangu, anakuomba uje."

"Ana barua ya kupigwa chapa?"

"Usinifanyie hivyo. Unajua anachokuomba."

Najua. Kwetu mtu akiona safari yake imekaribia huwaita watu wake mmoja mmoja na kuwaomba halali: kama nilikukosea, kama nilikula haki yako, niachilie. Unajibu neno hilo moja, halali, na limekwisha. Wasioitwa huulizwa na imamu siku ya mazishi mbele ya jeneza, mara tatu, na wanaume waliosimama pale hujibu kwa pamoja. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tunabaki nyumbani kwa marehemu tukisoma hitima, na hakuna anayetuuliza kitu. Kwa hiyo mwanamke mwenye lake moyoni, asipoulizwa mgonjwa akiwa kitandani, haulizwi tena.

Razija amehesabu wageni kwa vikombe alivyoosha. Wiki hii wamepita hamsini na tatu. Wote wamesema halali na kula biskuti. Nimebaki mimi.

Nilimwambia pita yake imekosa chumvi. Haikukosa.

Jumatano, Septemba 5
170 kwa 95. Mawingu, hakuna mvua.

Mwalimu mkuu Edhem alikuja na mfuko wa kahawa na makabrasha kwapani. Wanataka shule iitwe jina la Mwenyekiti. Kikao cha wazi ni Oktoba 5, ukumbi wa shule, na mwenyewe atakuwapo kama atajiweza.

"Bibi Zumra, wewe ulikuwa chumba kimoja naye tangu mwanzo hadi mwisho. Tuandikie kurasa mbili."

"Kurasa mbili za nini?"

"Za ukweli."

"Ukweli wa kurasa mbili. Na picha mnataka?"

Akacheka. Si mtu mbaya. Mji ulipozingirwa alikuwa na miaka mitatu, na mama yake alimlisha uji wa mahindi uliogawiwa kwa amri niliyoipiga chapa mwenyewe. Alisema, "Mimi niko hai kwa sababu ya mzee yule." Nikamwambia wengi wako hai kwa sababu yake. Hilo nililisema bila shida, maana ni kweli.

Jumamosi, Septemba 8
165 kwa 90.

Nimeandika kurasa zile mbili. Nimeandika kwamba alikuwa karani wa kiwanda cha mbao, kiongozi wa tawi la chama kwa bahati tu, kwa kuwa aliyetangulia alikimbia na gari la ofisi. Kwamba siku mia nne na sita hakulala nje ya mji. Kwamba helikopta ya Umoja wa Mataifa ilipokuja kuchukua majeruhi walimpa nafasi yeye na mkewe, akawapakia wanawake wawili waliojifungua, akarudi ofisini akaniambia nitafute mshumaa. Kwamba chumvi iligawiwa kwa kijiko kimoja kilichofungwa mnyororo mezani pake, na yeye alipanga foleni. Kwamba vijana wetu walipotaka kuchoma nyumba za jirani zetu Waserbia waliobaki, aliweka kiti mlangoni kwa daktari Sava akakaa hapo siku tatu, usiku na mchana, mpaka vijana wakachoka. Kwamba alikuwa na majivuno, alipenda kupigwa picha na majenerali wa kigeni, na alikuwa akisahihisha nukta zangu, mara nyingi kwa makosa. Edhem atayafuta ya majivuno.

Hayo ndiyo yaliyomo. Lisilomo naliandika hapa, nilione kwa mwandiko.

Februari 17, mwaka wa tisini na tatu, chumvi ilikuwa imekwisha na betri za redio pia. Iliamuliwa watu kumi na mmoja wavuke mlima usiku, kupita katikati ya majeshi, walete vitu mgongoni. Orodha alinisomea saa nne asubuhi nami nikaipiga chapa. Jina la kumi na moja lilikuwa Rifet, mdogo wake wa pekee. Nilifikiri: mtu huyu ana haki. Mchana akaniambia niende nyumbani mapema nikapumzike. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilikwenda nikiwa na furaha, na nyumbani nikamkuta mume wangu Asim akifunga buti. Walikuwa wamemletea karatasi. Jina la kumi na moja lilikuwa lake, limepigwa kwa vidole viwili, herufi moja juu, moja chini.

Walirudi saba. Asim hakurudi. Mifupa yake ilipatikana mwaka wa elfu mbili na nne na tukaizika.

Kesho yake ile nilimwambia, "Mwenyekiti, kwenye orodha alikuwapo Rifet." Akajibu, "Andika, Zumra. Kikao kimeanza." Nikaandika. Tangu hapo nilimjibu ya kazi tu, na vita vilipokwisha sikumjibu hata hayo. Sijamwambia mtu. Mwanzoni sikusema kwa kuwa mji wote ulimning'inia yeye, na baadaye kwa kuwa nilikuwa nimekwishanyamaza.

Jumapili, Septemba 9
155 kwa 90. Ajabu.

Alhamisi, Septemba 13
170 kwa 100. Mvua asubuhi, jua mchana.

Rifet alikuja na msumeno wake wa injini kukata kuni zangu. Huja kila Septemba tangu vita viishe, haombwi wala halipwi. Paa langu pia alilitengeneza yeye, na bomba, na mlango wa zizi. Ni mtu mkimya, mseja, mwenye kofia ya sufu hata kiangazi. Watu husema nina bahati ya jirani. Mimi nimejua siku zote kwamba ni malipo. Mtu anaishi kwa nafasi ya mume wangu, anakuja na kuni. Kwa hiyo humpa kahawa nje, kikombe cha jikoni, bila donge la sukari, na sikai naye.

Leo alipomaliza alifuta mikono akasema, "Dada Zumra, kaka anauliza kama utakuja. Sijui mna nini nyie wawili, wala sitaki kujua. Ila anateseka."

Nikafikiri, mwigizaji huyu. Nikamwambia kuni za mwaka huu amezikata ndefu mno, haziingii kwenye jiko. Akazikata upya zote.

Jumamosi, Septemba 15
Nimetikisa miti mitatu. Kiuno.

Jumanne, Septemba 18
165 kwa 95. Plamu zote chini. Ndoo kumi na nne zangu, ishirini za Razija.

Alhamisi, Septemba 20
175 kwa 100. Anga safi, baridi ya kwanza.

Leo tulipika pekmezi. Sufuria kubwa la shaba ni la Razija, moto ni wangu, ndivyo tulivyozoea. Plamu zinachemka tangu alfajiri mpaka magharibi bila sukari, mpaka ziwe nyeusi na nzito, na mwiko hauruhusiwi kusimama hata dakika, maana zikishika chini kazi yote imeharibika. Mmoja anakoroga, mwenzake anachochea, mnabadilishana. Siku nzima hamwezi kuondoka. Nafikiri Razija aliisubiri siku hii kwa sababu hiyo.

Kwanza tulisema habari za watu. Kisha za wakwe. Saa saba hivi ilikuwa zamu yake ya mwiko, akasema bila kuinua macho, "Mwaka wa ishirini na tano tunapika hapa, na mlango wangu huvuki yeye akiwamo. Nimekuwa naona haya kuuliza."

"Uliza basi."

"Ni Asim?"

"Ni Asim."

Akakoroga. Nilifungua mdomo nimweleze, akanizuia kwa kiwiko.

"Sitaki kusikia. Nimelala kitanda kimoja na mtu yule miaka arobaini na minne. Ukiniambia, nitakuwa najua, na nani atamgeuza usiku?"

"Basi unataka nini?"

"Kama humpi halali, nenda kamwambie usoni humpi. Usimweke hivi. Kila gari likisimama njiani anasema, huyo ni Zumra. Namwambia, mzee, Zumra yupo ng'ambo ya ua, aje kwa gari kwani anatoka Vienna?"

Tulicheka wote wawili mpaka nikamnyang'anya mwiko, maana alikuwa ameacha kukoroga. Halafu akalia kidogo, huku akichochea moto, akasema ni moshi. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma mimi pia, na hilo si desturi yangu.

Imetoka mitungi thelathini na minane. Haikushika chini.

Ijumaa, Septemba 21
Sikupima.

Nilikwenda. Nilivaa viatu vya kanisani, kama alivyokuwa akisema daktari Sava, yaani vile vya kutokea. Razija alinifungulia akatoka nje mwenyewe, kuangalia kuku, na kuku hana.

Mwenyekiti yupo kwenye kochi la sebuleni, kando ya dirisha, na bomba la hewa puani. Alikuwa mtu mkubwa. Sasa mikono ya pajama imebaki mitupu. Picha zake na majenerali zipo ukutani zote. Akanitazama nikikaa.

"Umechelewa kazini, Zumra."

"Orodha ya Februari kumi na saba," nikasema.

"Nilijua utaanza na tarehe."

"Jina la kumi na moja nililipiga mimi. Lilikuwa Rifet."

"Lilikuwa Rifet. Nikalitoa. Nikaipiga orodha upya mwenyewe, na la Asim nikaliweka. Nilikupa ruhusa ili usiwepo."

Miaka ishirini na mitano nilijiandaa kwa uongo wake. Nilikuwa na majibu tayari, mengine nimeyatunga nikichuma plamu, nikifua, nikiwa kwenye foleni ya benki. Alivyosema kweli moja kwa moja hivyo, yote yakakosa kazi. Nilikuwa na hasira na sikujua niiweke wapi.

"Kwa nini Asim? Mji ulikuwa na wanaume mia nane."

Akatazama dirishani. Hewa ilikuwa ikipiga mluzi ndani ya bomba.

"Nataka halali yako," akasema baadaye.

"Oktoba tano utakuwa ukumbini. Sema mbele ya watu. Ulichofanya, na kwa nini. Ukisema, nakupa."

"Shule hawataipa jina langu."

"Hawataipa."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kama zamani, macho nusu, akipima nani atasimama upande gani. Hata pale alikuwa mwanasiasa, na nikiri, nilimheshimu kwa hilo.

"Na Rifet?" akauliza.

"Rifet anajua siku zote."

Akanigeukia polepole. "Zumra," akasema, "wewe ulikuwa hodari sana wa kupiga chapa, si wa kusoma watu." Nikadhani dawa zimemchanganya akili. Nikaaga.

Jumatatu, Septemba 24
180 kwa 100. Mvua.

Jumanne, Septemba 25
Mvua.

Jumatano, Septemba 26
Mvua. Mto umepanda mpaka kwenye ngazi ya pili. Edhem alipita kuchukua kurasa zangu, akazisoma akiwa wima akasema ni nzuri sana, labda tu sehemu ya majivuno. Nikamwambia afute. Nikamwambia asichapishe chochote kabla ya kikao. Akasema, "Kwani kuna nini, Bibi?" Nikasema kuna mvua.

Jumapili, Septemba 30
170 kwa 95. Jua kidogo. Razija hajavuka tangu siku ile.

Ijumaa, Oktoba 5
Naandika jioni, nikiwa na nguo zile zile.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walimu mbele, maveterani pembeni na medali zao, watoto wa kwaya nyuma wakisukumana. Rifet alimleta kwa kiti cha magurudumu, akakisimamisha mbele kabisa, akabaki nyuma yake ameshika mishikio. Nilikaa safu ya pili. Edhem alisoma kurasa zangu, bila majivuno, na watu wakapiga makofi waliposikia la helikopta na la kiti mlangoni kwa daktari Sava. Nilipiga makofi pia. Yalikuwa ya kweli.

Halafu Mwenyekiti akaomba kipaza sauti. Wakadhani atashukuru.

"Zumra yupo?" akasema.

"Nipo."

"Andika."

Watu wakacheka, wengi wanakumbuka. Nilikuwa na kalamu, na nyuma ya kadi ya mwaliko palikuwa peupe. Niliandika. Alisema polepole, kama alivyokuwa akinisomea, akiacha nafasi baada ya kila sentensi, na haya hapa ni maneno yake.

"Februari kumi na saba, tisini na tatu, nilipanga watu kumi na mmoja kuvuka mlima. Wa kumi na moja alikuwa ndugu yangu Rifet. Saa saba mchana nilitoa jina lake. Mama yetu alikuwa hai na sikuwa na uso wa kumwambia. Badala yake niliweka jina la Asim, mume wa katibu wangu. Asim alikufa."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja wa maveterani akasema kwa sauti, "Ni homa hiyo, jamani, mpeni maji." Mwenyekiti akamwinulia kidole anyamaze, na akanyamaza.

"Naulizwa kwa nini Asim. Nilihitaji mtu ambaye mkewe hatapiga kelele. Wengine wote, wake zao wangesimama uwanjani na mji ungevunjika vipande. Huyu mke alikuwa amekula kiapo cha siri za halmashauri, na alikuwa mtu wa kutunza kiapo. Nilijua hatasema. Hakusema. Basi. Umeandika?"

"Nimeandika."

Mkono wangu uliandika mpaka nukta. Ni baada ya nukta ndipo nilipoelewa nilichoandika. Asim hakufa kwa sababu alikuwa na nguvu, wala kwa sababu alijua njia. Alikufa kwa sababu mimi ni mtu wa kuaminika. Nikashika kiti cha mbele.

Nilipoinua kichwa nilimwona Rifet. Alikuwa ameachia mishikio ya kiti. Amemtazama kaka yake kisogoni, mdomo wazi kidogo, kisha akanitafuta kwa macho, akanipata. Uso ule hauwezi kuigizwa. Hakuwa akijua. Miaka yote ile ya kuni, paa na bomba alikuwa mtu tu anayemsaidia mjane wa jirani, na mimi nilikuwa nikimpa kahawa chungu kwenye kikombe cha jikoni.

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Ilibidi Edhem asukume kiti kurudi nyumbani. Kura ya jina la shule haikupigwa.

Jumapili, Oktoba 7
185 kwa 105. Upepo.

Nilichukua mtungi mmoja wa pekmezi nikaenda. Safari hii Razija alikuwa ndani na hakutoka. Anajua sasa, na amechoka usoni, lakini alinimiminia kahawa.

Mwenyekiti hakuweza tena kukaa. Niliinama nimsikie.

"Ulisema utanipa."

"Halali," nikasema.

"Yote?"

"Yangu yote. Ya Asim utamwuliza mwenyewe."

Akatabasamu, au alitaka kukohoa. "Hilo ni sawa," akasema. "Rifet haji. Mwambie aje."

Nilipita kwa Rifet. Mlango ulikuwa umefungwa na msumeno upo barazani umefunikwa. Niligonga mara tatu. Nilisikia kiti kikisogezwa ndani, basi.

Jumatatu, Oktoba 8
Upepo. Nimegonga tena. Hapana.

Alhamisi, Oktoba 11
Amefariki saa tatu asubuhi. Razija aliita uani jina langu mara moja tu, nikavuka.

Ijumaa, Oktoba 12
Alizikwa baada ya sala ya Ijumaa. Sisi wanawake tulikuwa sebuleni kwa Razija, kochi limetolewa, picha za majenerali zimegeuzwa ukutani. Msikiti una vipaza sauti vipya na makaburi yapo kilimani juu yetu, kwa hiyo swali la imamu tulilisikia sote: je, mnamhalalishia? Wanaume walijibu. Mara ya kwanza jibu lilikuwa dogo, wakawa kama wanatazamana. Mara ya pili likakua. Mara ya tatu lilijaa kilima kizima. Razija alikuwa akihesabu tasbihi na hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Tulisoma mpaka alasiri.

Jumapili, Oktoba 14
Sikupima.

Rifet alikuja mchana. Alisimama kwenye geti mpaka nikamwambia apite. Nilimkalisha ndani, nikatoa kikombe cha wageni na donge la sukari, na niliona aibu jinsi alivyovitazama.

"Nilibeba jeneza," akasema. "Lakini imamu alipouliza, sikujibu. Mara zote tatu. Walio karibu walisikia."

"Ni haki yako."

"Wewe?"

"Mimi nilimpa. Jumapili iliyopita, usoni."

Akaweka kikombe chini. "Kwa nini? Wewe umefiwa na mume. Mimi nimepata nini, uhai. Wewe unasema halali, mimi nashindwa. Nieleze."

"Mimi aliniomba," nikasema. "Wewe hakukuomba. Hakukuomba siku ile alipokutoa kwenye orodha, wala juzi alipolisema mbele ya watu."

Alitikisa kichwa. Alisema kwamba siku ile ya Februari alikuwa ameshafunga mzigo. Alimwona Asim akipita akamwazima glavu zake, kwa kuwa yeye alikuwa ameambiwa abaki kulinda ghala, na akaona ni bahati; alidhani Asim alikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. "Nilifurahi siku ile, dada. Ndilo linaloniua. Nilifurahi sana."

Nilikuwa na la kumwambia, na nilikuwa nimelizungusha siku tisa. Nililisema kama lilivyo, maana sijui njia nyingine.

"Rifet, na mimi pia sikukuomba. Mimi ndiye niliyetaka aseme pale. Nilidhani unajua. Miaka yote nilidhani unajua na unanilipa kuni, na nimekutendea kama mtu anayelipa. Sikukuuliza hata mara moja. Naomba halali yako."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakwenda kununua.

"Ulidhani najua," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka yote."

"Yote."

Alimaliza kahawa, akasimama, akavaa kofia yake vizuri. "Sasa hivi siwezi," akasema. Alifunga geti nyuma yake taratibu, lisigonge.

Ijumaa, Oktoba 19
175 kwa 95. Halmashauri ya mji imekaa. Shule itabaki na jina la mto. Mwenyekiti amepewa ukumbi wa michezo, kwa kura kumi na tatu dhidi ya tisa. Edhem alikuja kuniambia, hajui afurahi au asikitike. Nikamwambia ukumbi una paa zuri.

Jumanne, Oktoba 23
Ukungu mpaka saa nne, kisha jua baridi. Miti imebaki mitupu na Razija ameanza kuchoma majani upande wake.

Rifet alipita njiani asubuhi na msumeno begani, akienda kukata kuni kwa Edhem. Nilikuwa nafagia mlangoni. Nilisimama wima, ufagio mkononi, nikangoja. Alisalimia kama anavyosalimiwa jirani yeyote, nami nikaitikia, akaenda zake. Halali hakusema, wala hakusema hasemi. Najua namna hiyo ya kunyamaza, niliishi ndani yake mwenyewe, nami nilikuwa na haki. Yeye pia anayo. Kaka yake nilimngojesha miaka ishirini na mitano. Mimi nina miaka sabini na mmoja, na sina mingine mingi hivyo ya kungoja.